Jukwaa Mkabala na Norfolk

Hapa Watamu jukwaa ni ua wa hoteli. Usiku ukiingia, vijana na kina mama wa Kigiriama hufika na ngoma zao, wakacheza mbele ya wageni waliokwisha kula, kisha wakapanda matatu kurudi Gede. Kichezwe nini na kwa muda gani, hilo huamuliwa na mwenye hoteli. Nairobi nako swali la jukwaa ni la nani liligombaniwa kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilipita kwenye barabara moja.

Siku hizi inaitwa Barabara ya Harry Thuku. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa hapo Krismasi ya 1904, ikawa baraza la walowezi. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulifurika nje ya kituo cha polisi kilichokuwa karibu, ukitaka Harry Thuku, mwanaharakati aliyepinga utawala wa kikoloni na aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, aliwasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, akasonga mbele, na risasi zilipoanza kulia akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilikubali vifo 21. Wengine walihesabu vingi zaidi. Inasimuliwa kwamba hata walowezi waliokaa Norfolk walifyatua bunduki.

Miaka thelathini baadaye, mkabala na hoteli hiyo hiyo, ukajengwa Ukumbi wa Maigizo wa Kitaifa. Mwigizaji Mwingereza Ralph Richardson aliufungua Novemba 1952, majuma machache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Ulibeba jina la taifa huku wenyeji wake wakiwa vikundi vya Wazungu na tamthilia zao za Kiingereza. Uhuru ulikuja 1963, na bado zamu nyingi za ukumbi zikabaki mikononi mwa vikundi hivyo.

Mambo yalichemka Oktoba 1976. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika, kule Lagos, na tamthilia mbili zikateuliwa: ya Francis Imbuga kuhusu usaliti mjini, na ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Waandaaji walipoomba ukumbi waliambiwa umeshashikwa na maonyesho ya kigeni. Baada ya mvutano wakapewa siku chache. Tamthilia ya Kimathi ilipopanda jukwaani, watazamaji hawakutaka kwenda nyumbani. Walijiunga na waigizaji, wakatoka nao barabarani wakiimba.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ alipeleka maigizo nje ya jiji. Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakulima na vibarua walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaigiza kwa Kikuyu Ngaahika Ndeenda, aliyoiandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba 1977 serikali iliipiga marufuku, na mwaka ulipokuwa ukiisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Februari 1982 kikundi hicho kilileta mchezo mwingine, Maitũ Njugĩra, kwenye Ukumbi wa Kitaifa, kikakuta milango imefungwa na askari wamesimama. Wakahamia chuo kikuu, hatua chache kutoka hapo, na mazoezi yao yakajaza watu hadi madirishani. Nayo yakazuiwa. Machi askari walibomoa jukwaa la Kamĩrĩĩthũ.

Pwani haikusalimika. Alamin Mazrui wa Mombasa alikuwa amechapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, tamthilia ya Kiswahili ambamo mwanamke, Lanina, anawaongoza vibarua wa shamba. Mwaka uliofuata naye aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha nguvu ya jukwaa: serikali yenye bunduki na magereza iliogopa maneno ya kibarua wa kubuni, mradi yatamkwe kwa lugha ambayo kibarua wa kweli anaielewa.

Ukumbi wa Kitaifa ulikarabatiwa 2015. Mei 2022, karibu miaka 45 tangu ipigwe marufuku, Ngaahika Ndeenda iliigizwa ndani yake, maonyesho mengine kwa Kiingereza, mengine kwa Kikuyu. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akiishi Marekani, alikuwa bado hai.