Ajali ya Ethiopian Airlines 302

Ajali ya Ethiopian Airlines 302 ilitokea tarehe 10 Machi 2019 karibu na mji wa Bishoftu, Ethiopia. Ndege aina ya Boeing 737 MAX 8 iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kuruka kutoka uwanja wa Bole, Addis Ababa. Watu wote 157 waliokuwamo walifariki: abiria 149 na wafanyakazi 8. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Ndege yenyewe ilikuwa na umri wa miezi minne hivi.

Chanzo cha ajali hii hakikuanzia angani. Kabla yake watu mbalimbali waliokuwa chini, mafundi, wahandisi na maofisa wa serikali, walitakiwa kujibu swali moja: je, ndege hii inafaa kuruka? Kila mara jibu lilikuwa ndiyo.

Nani huamua

Abiria wa basi la Bukene kwenda Nzega anaweza kuona tairi lenye kipara na kukataa kupanda. Abiria wa ndege hana nafasi hiyo. Anategemea ngazi tatu za uamuzi: mamlaka ya nchi inayotengeneza ndege huthibitisha muundo wake, fundi mwenye leseni hutia sahihi kwamba ndege fulani imekaguliwa na iko sawa, na rubani huikubali kabla ya safari. Nchini Tanzania msimamizi wa kazi hii ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kwa muundo wa ndege za Boeing, nchi nyingi zilizoea kupokea uamuzi wa mamlaka ya Marekani, FAA, bila kuuchunguza upya kwa kina.

Mfumo wa MCAS

Boeing 737 MAX ilipewa injini kubwa kuliko za 737 zilizotangulia, nazo zikasogezwa mbele na juu zaidi. Katika hali fulani injini hizo zilielekea kuinua pua ya ndege. Boeing ikaweka programu iitwayo MCAS, ambayo hurekebisha bawa dogo la mkia na kuishusha pua bila rubani kuiamuru. Ndege ina vifaa viwili vya kupima pembe yake dhidi ya upepo, kimoja kila upande wa pua, lakini MCAS ilisikiliza kimoja tu. Kikidanganya, programu nayo ilidanganyika, na ilirudia kazi yake tena na tena.

Marubani hawakuelezwa. MCAS haikutajwa katika vitabu vyao vya mwongozo, na Boeing ilitaka ndege mpya isihitaji mafunzo ya gharama kubwa kwa watu waliozoea 737 za zamani. Sehemu kubwa ya kazi ya uthibitisho ilifanywa na wafanyakazi wa Boeing wenyewe kwa idhini ya FAA. Utaratibu huo ni halali na ni wa zamani, lakini ni vigumu kutouona kama mwanafunzi kusahihisha mtihani wake mwenyewe. FAA iliidhinisha ndege hiyo Machi 2017.

Onyo la Indonesia

Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air 610, ya aina hiyohiyo, ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Jakarta. Watu 189 walifariki. Kifaa chake cha kupima pembe kilikuwa kimebadilishwa huko Denpasar, na kilichowekwa kilikosea kwa nyuzi 21. Safari iliyofuata, kutoka Denpasar kwenda Jakarta, marubani walihangaika na pua iliyojishusha, wakafanikiwa kufika baada ya kukata umeme wa bawa la mkia. Taarifa waliyoiandika kwa mafundi haikueleza yote yaliyotokea. Mafundi walisafisha sehemu zilizotajwa, vipimo vya ardhini vikaonyesha hali nzuri, na asubuhi ndege ikaruhusiwa kuruka.

Sahihi ya fundi hapo haikuwa ya uongo. Ilithibitisha kile alichoambiwa akague.

Uamuzi mzito zaidi ulifuata Marekani. Tarehe 7 Novemba 2018 FAA ilitoa agizo la dharura la kuwakumbusha marubani hatua za kufuata, bila kuitaja MCAS kwa jina. Baadaye wachambuzi wake walikadiria kwamba bila marekebisho kungeweza kutokea ajali 15 hivi katika maisha ya ndege zote za aina hiyo. Hata hivyo MAX ziliendelea kubeba abiria huku Boeing ikitengeneza programu mpya. Makadirio hayo yalijulikana hadharani Desemba 2019, katika kikao cha Bunge la Marekani.

Addis Ababa

Mara baada ya ndege ya Ethiopia kuruka, kifaa cha kushoto kilianza kutoa vipimo vya uongo. Marubani walikata umeme wa bawa la mkia kama agizo lilivyosema, lakini mwendo ulikuwa mkubwa mno na gurudumu la kuzungusha kwa mkono halikuwezekana. Waliporudisha umeme, MCAS iliishusha pua tena.

Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, ya Desemba 2022, iliilaumu MCAS na kusema kifaa kiliharibiwa na hitilafu ya umeme. Wachunguzi wa Marekani na Ufaransa walikubali lawama kwa MCAS, ila waliona kifaa kiligongwa na kitu, huenda ndege wa angani, na kwamba utendaji wa marubani, hasa kuacha injini katika nguvu ya kurukia, ulistahili uzito zaidi.

Kusimamishwa kwa MAX

China ilisimamisha ndege hizo tarehe 11 Machi 2019, Ulaya ikafuata siku ya pili. Marekani ilisubiri hadi tarehe 13. Zilirudishwa Marekani Novemba 2020, baada ya MCAS kufanywa isikilize vifaa vyote viwili na marubani kutakiwa kufunzwa. Safari hii mamlaka ya Ulaya ilifanya uchunguzi wake yenyewe na kuruhusu Januari 2021. Boeing ilikubali mwaka huo kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 kumaliza shtaka la kuihadaa FAA, makubaliano ambayo familia nyingi za waliofariki ziliyapinga mahakamani. Ethiopian Airlines ilianza tena kurusha MAX Februari 2022, na Air Tanzania ilipokea ya kwanza yake, aina ya MAX 9, Oktoba 2023.