Madaraja ya Joto: Kutoka Baraza za Nyangwe Hadi Manjanja ya Kindu

Wahitimu wenzangu, na wewe mwanafunzi unayesoma hii saa nane ya mchana chini ya manjanja huku jasho likidondokea daftari, leo tuzungumze historia ya nyumba zetu. Sitauliza nani alijenga ya kwanza. Nataka tufuate joto lenyewe: zamani lilizuiwa wapi, na sasa linapita wapi.

Watu wa ujenzi wana neno, daraja la joto. Ni mahali ambapo kitu kinachopitisha joto upesi kinakatiza ukuta au paa: msumari, bomba la chuma, linto la beto juu ya dirisha. Hapa Kindu tunavuka Lualaba kwenda Alunguli kwa mtumbwi, daraja hakuna, lakini ndani ya nyumba tumejijengea madaraja mengi ajabu. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko mbao kavu. Beto yenye nondo nayo huwa mara mbili au tatu kuliko briki za kuchoma. Weka mkono juu ya linto saa tatu ya usiku, upande wa ukuta uliopigwa na jua la jioni. Mimi nimefanya hivyo kwetu mara nyingi: briki zimeanza kupoa, beto bado ina joto.

Elimu hii ilikua katika nchi za baridi. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, Wazungu walianza kuhesabu kila mahali moto wa nyumba unapotorokea. Mwaka 1991 huko Darmstadt, Ujerumani, familia ziliingia katika nyumba nne zilizoungana, kazi ya mwanafizikia Wolfgang Feist na wenzake. Nyumba hizo zilihitaji moto kidogo sana wakati wa baridi, na sababu moja ni kwamba madaraja ya joto yalikatwa kwa uangalifu mkubwa. Wao wanaogopa joto lisitoke. Sisi, karibu digrii 3 kusini ya ikweta, tunaogopa lisiingie. Kanuni ni ile ile, safari ya joto ndiyo imegeuka.

Sasa turudi nyuma. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871, na Stanley akafuata mwaka 1876, walikuta mji wa Waswahili na Waarabu wenye nyumba za udongo zilizo na baraza mbele. Huo ulikuwa mji wa biashara ya pembe na ya watumwa, siusifu hata kidogo. Ila nyumba yake ilijua jua. Ukuta mnene wa udongo, paa la majani lililoshuka chini, kivuli cha baraza kabla jua halijagusa ukuta. Majani makavu yamejaa hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Fito zilifungwa kwa kamba, misumari ya chuma haikuhitajika. Wenyeji wa Maniema nao walikuwa wakijenga kwa miti, potopoto na majani kabla msafara wowote haujatoka pwani.

Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliteka Nyangwe na Kasongo. Likafuata shirika la reli la tajiri Empain, ambaye jina lake lilibandikwa kwenye mji wetu: Kindu-Port-Empain. Kufikia 1911 reli ilikuwa imefika Kongolo, kilomita 355 kutoka hapa. Reli ilirahisisha kuleta vitu vizito: sima, vyuma, mabati.

Na hapa pana jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Mbelgiji akijenga nyumba yake Kongo aliizungushia ubaraza, na kwa Kifaransa chake akauita barza. Neno ni letu! Lilitembea na misafara kutoka pwani likaingia katika Kifaransa cha bwana mkubwa, maana kivuli chenyewe alikihitaji. Tazama nyumba za zamani zilizobaki upande wa Kasuku: barza pana, dari ya juu, matundu ya kupitishia hewa. Bati lilikuwapo, ndiyo, lakini halikuwa peke yake.

Sisi tulichukua bati, tukaacha vilivyokuwa chini yake. Naelewa kwa nini. Majani yanaoza, yanashika moto, kila miaka michache unarudia, na mtu mwenye nyumba ya majani anachekwa. Pesa ikipatikana inakwenda kwenye manjanja. Plafo tunasema itakuja baadaye, na baadaye haiji. Barza nayo inakatwa ili chumba kiwe kikubwa. Ndiyo maana mchana hatusomi, mtoto mchanga halali, na alfajiri manjanja yaliyopoa yanatoa jasho juu ya kitanda.

Kwa hiyo nikiona mwenzetu ananakili masomo ya Ulaya, anahangaika na linto huku juu hakuna dari, nasema anaanza mwisho. Bati tupu halihesabiki hata kuwa daraja, ni mlango ulioachwa wazi. Tuanze na dari, hata ya mikeka au mianzi. Lakini isipigiliwe moja kwa moja chini ya mbao zinazobeba bati, maana hapo msumari na mbao vinaleta joto mpaka chumbani na hewa inakosa nafasi. Ishushwe, iachane na bati, na pande mbili za paa ziachiwe matundu yenye wavu ili hewa ya moto itoke na popo wasiingie. Bati lipakwe chokaa nyeupe, na mvua ikiiosha, ipakwe tena. Baada ya hapo ndipo tushughulike na linto: kuliwekea kivuli kwa kurefusha paa, au kutumia mbao ngumu pale dirisha likiwa dogo. Mbao ngumu Maniema hatujakosa, na mafundi wa kuzichonga tunao mtaani.