Mwelekeo wa kimapenzi, na kumfungukia mama

Mkalimani aliyeketi kati ya kijana wa miaka 16 na mama yake, katika ofisi ya mshauri wa shule mjini Toronto au London, hana muda wa kupekua kamusi. Tuseme kijana ameshaeleza kwa Kiingereza, macho chini, kwamba moyo wake huenda kwa wavulana wenzake, kwamba bado anaswali, na kwamba anaogopa. Mama, mzaliwa wa Mombasa au Unguja, anamgeukia mkalimani. Likitoka neno shoga, mazungumzo yamekwisha. Likitoka ulawiti, mama atapiga ukelele akidhani mwanawe ameharibiwa na mtu. Wote wawili wanapendana, na Kiswahili walichonacho hakiwasaidii kusikilizana.

Dhana inayotafutiwa jina si ngumu. Ni mvuto wa kimapenzi anaousikia mtu ndani yake, wa kudumu, kwa watu wa jinsia nyingine, au wa jinsia yake, au wa zote mbili, awe ametenda jambo lolote au hajatenda. Hapo mwishoni ndipo penye uzito. Mtoto ambaye hajawahi hata kushikana mkono na mtu anao mwelekeo, sawa na dada yake anayeona haya akipita kijana wa jirani. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuondoa mvuto wa jinsia moja katika orodha ya maradhi mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ikautaja mwelekeo huu miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwa ajili yake. Tangu hapo dhana hii imeingia katika fomu za hospitali, sera za shule na nyaraka za haki, na kila mfasiri amejibu kwa neno lake.

Neno kongwe ni ulawiti. Limetoka katika Kiarabu, liwati, lililojengwa juu ya jina la Nabii Luti, na katika fikihi linataja tendo mahususi. Lakini katika magazeti yetu ya leo, anayelawiti kwa kawaida ni mtu mzima, na anayelawitiwa ni mtoto aliyedhulumiwa. Ni neno la polisi na mahakama, na libaki huko huko, kwa sababu watoto hao wanahitaji neno lisilo na utata wowote. Kumwita kwa neno hilo kijana anayeeleza hisia zake ni kumpa kesi ambayo haipo.

Shoga lina safari nyingine kabisa. Wanawake wa pwani wameitana hivyo tangu zamani, shoga yangu, yaani rafiki wa kuambiana siri. Lilipohamia kwa wanaume likawa la kuzomea, na mabinti wengi wa mjini sasa wanasema shosti. Hanithi nalo lina ndugu yake Oman, khanith, ambaye mwanaanthropolojia Unni Wikan aliandika habari zake kutoka Sohar mwaka 1977. Kwetu humtaja mwanamume asiye na nguvu za kiume, au mwenye mwenendo wa kike. Kijana anayecheza winga katika timu ya shule na kunyoa kama wenzake hulisikia neno hilo asijione ndani yake. Anaweza kukua hadi utu uzima akidhani yeye ni kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani.

Lipo neno ambalo lingefaa, maumbile, ila sheria imelikalia. Makosa ya “kinyume na maumbile” katika Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya ni urithi wa Mwingereza, ukoo mmoja na kifungu cha 377 cha India cha mwaka 1860. Mahakama ya Juu ya India ilikiondolea makali kifungu hicho mwaka 2018, ikaamua kwamba hakiwagusi watu wazima walioridhiana. Mahakama Kuu ya Kenya, mwaka 2019, iliviacha vya Kenya vilivyo. Kwa hiyo kijana akisema “ndiyo maumbile yangu”, anashindana na sentensi ambayo mama yake ameisikia redioni maisha yake yote. Tena kwa Mwislamu maumbile hukumbusha fitra, umbile ambalo Mungu amemwumbia mtu, na fitra ndiyo hoja ya kwanza ya wanaompinga. Istilahi inayotakiwa ni ile ambayo wanaokubaliana na wanaopingana wote wanaweza kuitumia wakati wanajadiliana.

Neno mwelekeo linaiweza kazi hiyo. Tunasema mvua inaelekea kunyesha, wala hakuna anayedhani mvua imechagua. Wapo wanaojibu kwamba mtu huelekea kibla kwa nia, basi mwelekeo nao ni hiari. Pingamizi hilo lina nguvu kwa kitenzi. Nomino, hata hivyo, imeshatulia upande mwingine: mwelekeo wa upepo na mwelekeo wa bei haina mtu aliyeiamua. Maneno jirani hayafai: silika imezoea wanyama mno, na tabia huja na lawama yake mfukoni.

Tatizo limebaki katika kivumishi. Nyaraka nyingi huandika mwelekeo wa kijinsia. Kijinsia kimeshaajiriwa kwingine: usawa wa kijinsia, ukatili wa kijinsia, na Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi Tanzania. Msikilizaji huelewa kwamba swali ni nani mume na nani mke, na mvulana anayevutiwa na wavulana hudhaniwa anataka kuwa msichana. Hilo ni jambo jingine, la watu wengine, na lina istilahi zake. Ndiyo maana naandika mwelekeo wa kimapenzi. Nimewahi kuambiwa kwamba mapenzi ni neno laini mno kwa mambo haya. Mimi naona linasema kweli. Kijana anayekosa usingizi kwa kumwaza mtu anakisikia kile kile ambacho taarabu nzima imekiimba.

Sasa dini, maana kijana huyu hataki kuiacha. Madhehebu manne ya Kisunni, na ya Jaafari, yameharamisha tendo, na haifai mfasiri kulificha hilo. Lakini kilichohukumiwa ni tendo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, umma huu umesamehewa yale ambayo nafsi huyanong’ona maadamu mtu hajayatenda wala kuyasema. Wapo Waislamu wanaoishi na mvuto huu bila kuufuata, kwa kushikamana na hukumu ya wengi, nao wanalihitaji neno la hali yao ili wasiitwe kwa tendo wasilolifanya. Wapo wanaofuata njia nyingine, kama msomi Scott Siraj al-Haqq Kugle, ambaye katika kitabu chake Homosexuality in Islam cha mwaka 2010 anakisoma kisa cha kaumu ya Luti kuwa habari ya kuwabaka na kuwadhalilisha wageni na kumkana Mtume wao. Nao wanalihitaji neno hilo hilo. Mashekhe walio wengi wamemkatalia Kugle, na mjadala huo ni wao. Ila bila istilahi ya hali, mtoto huhukumiwa kabla mjadala haujafunguliwa.

Msomaji makini atauliza: na akiyasema? Hapo pana istilahi ya pili, ngumu kuliko ya kwanza. Kiingereza kina msemo wa mtu kutoka kabatini, na wapo waliouleta kwetu hivyo hivyo, kana kwamba kijana alikuwa amekunjwa pamoja na kanga za bibi. Wengine huandika kujitangaza, na hili ndilo lililoleta madhara zaidi. Kwa Mwislamu wa pwani, kutangaza kunagongana moja kwa moja na stara. Madrasani tumefundishwa kwamba mwenye kulidhihirisha kosa lake mbele za watu amejivua sitara ambayo Mungu alimfunika. Mama akisikia mwanawe “amejitangaza”, anaona mtaa mzima, harusi za binamu, simu za kutoka Muscat. Mtoto hakutangaza lolote. Huenda alikaa jikoni, mama anapepeta mchele, akasema jambo kwa mtu mmoja.

Imo katika Musnad ya Imamu Ahmad habari ya kijana aliyemwendea Mtume akamwomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwepo wakamkemea. Mtume akamwambia asogee karibu, akamkalisha, akamuuliza kama angeridhia hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake; kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Hukumu ya zinaa haikubadilika. Lakini kijana alilisema lililomo moyoni mwake, na jibu la kwanza alilopata lilikuwa kusogezwa karibu. Siilinganishi hali ya mtoto wetu na zinaa. Ninachokitazama ni namna aliyesema alivyopokewa.

Kwa kitendo hiki Kiswahili kina kitenzi kizuri ambacho magazeti ya burudani yamekichosha bila kukiua: kufunguka. Kikitiwa kauli ya kutendea kinakuwa kufungukia, na hapo sarufi yenyewe inadai mtu: umemfungukia nani? Kijana aliyemfungukia mama yake hajamfungukia baba, wala imamu, wala darasa. Stara imebaki. Na anayo haki ya kutomfungukia mtu yeyote mpaka awe na uhakika wa usalama wake. Katika nyumba nyingine, na chini ya sheria nyingine, kunyamaza ndiko kunakomwacha hai. Washauri wanaowasukuma watoto kusema mapema, kwa kudhani kusema ndiko ushujaa, wangetulia kidogo kama wangelazimika kila mara kumtaja huyo anayefungukiwa.

Mara nyingi mama hutafuta dawa. Huomba kisomo, au huandikiwa kombe: aya kwa wino wa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mtoto akanywa mpaka tone la mwisho. Kumsomea mtoto Qurani ni penzi la mzazi, na sidhani kijana yeyote ameumizwa na aya zenyewe. Kinachoumiza ni sahani kurudi kila wiki na mama kumchungulia machoni kuona kama amepona. Canada imepiga marufuku tiba ya kubadili mwelekeo tangu Januari 2022. Wafasiri wanaoiita “tiba ya kurekebisha” wakumbuke kwamba kurekebisha kunadai kitu kilichoharibika.

Mtu aliyejaribu kuviweka vyote, dini, mvuto huu na kufunguka, mahali pamoja alikuwa Muhsin Hendricks wa Cape Town, aliyezaliwa mwaka 1967, mjukuu wa imamu. Alisomea dini Karachi, akaoa, akapata watoto, akatalikiana, kisha akasema hadharani kwamba anavutiwa na wanaume. Msikiti alioufungua mjini humo aliuita wa Ghurbaah, wageni, neno ambalo Kiswahili kinalijua kwa gharibu. Tarehe 15 Februari 2025 alipigwa risasi ndani ya gari huko Gqeberha, akafa. Baraza la Mahakimu wa Kiislamu la Afrika Kusini, lililokuwa likimpinga kwa miaka mingi, lilisema msimamo wake hauafikiani na mafundisho ya Uislamu, na papo hapo likalaani mauaji yake waziwazi. Taarifa hiyo ingefaa isomwe kwa Kiswahili katika misikiti yetu, kwa sababu inaonyesha kwamba mtu anaweza kukataa rai na bado akailinda damu ya mwenye rai.

Limebaki jina la mtu mwenyewe. Vyombo vya habari vimechagua “wapenzi wa jinsia moja”, na kwa watu wazima wawili wanaoishi pamoja jina hilo halina neno. Kwa kijana halifai. Mpenzi ni mtu aliye na mwenzake, na huyu hana. Ana hofu, ana mtihani wa hesabu wiki ijayo, ana juzuu anayoihifadhi. Kwake naandika kijana mwenye mwelekeo wa kimapenzi kwa jinsia yake. Najua ni refu, na wahariri wa vichwa vya habari watalikata. Katika mazungumzo na mama latosha “anavutiwa na wavulana”, maneno matatu ambayo hayamtaji polisi, hayamtusi mtu, na hayasemi lolote ambalo mtoto hakulisema. Baada ya hapo mama atauliza maswali yake, na la kwanza huenda likawa kama mwanawe bado anaswali. Jibu analo, aliambiwa mwanzo kabisa. Mkalimani ahakikishe halikupotea njiani.