Pumzi Inaposita Usingizini

Istilahi ya kitabibu ninayoijadili hapa, obstructive sleep apnea, ina mzizi wa Kigiriki: apnea, yaani kutokuwa na pumzi. Walioieneza ni madaktari wa usingizi wa miaka ya 1970, akiwamo Christian Guilleminault wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Kwa Kiswahili utasikia "kukosa pumzi usingizini", "kukata pumzi", na wakati mwingine jinamizi, ingawa jinamizi ni jambo jingine kabisa.

"Kukosa pumzi" haifai. Mwenye pumu hukosa pumzi, na hakuna anayelijua hilo kumshinda yeye mwenyewe. Huyu wetu hajui lolote, amelala. "Kukata pumzi" nayo iko karibu mno na kukata roho. Mimi nasema kusita kwa pumzi. Kinachosita husimama, kisha huendelea, na hivyo ndivyo inavyotokea: hewa husimama kwa sekunde 10 au zaidi, halafu hurudi. Daktari huhesabu misito ya saa moja, pamoja na nyakati ambazo hewa imepungua sana bila kukatika. Kuanzia 5 ni tatizo, 15 ni la wastani, 30 ni kali.

Msikilize mtu wa namna hii usiku. Anakoroma, mkoromo unapanda, mara kimya. Aliye kando yake hudhani sasa amepata usingizi wa pono. Lakini tazama kifua na tumbo: bado vinahangaika, vinavuta hewa isiyopita. Kisha anashtuka kama aliyepaliwa, anageuka upande, mkoromo unaanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu, ila kinywa kimekauka, kichwa kinamuuma, na mchana anasinzia kwenye kiti.

Kile kifua kinachohangaika ndicho kinachodai nusu ya pili ya istilahi, ile ya "obstructive". Ipo aina ambayo ubongo wenyewe hautumi amri ya kupumua, na hapo kifua hutulia tuli. Katika aina yetu amri imetumwa, misuli imeitika, ila koo limefunga. Kwa hiyo: kusita kwa pumzi usingizini kwa kuziba koo. Najua kuna watakaolikataa neno "kuziba", kwamba linataka kitu kilichokwama, tonge au mwiba wa samaki. Sikubaliani nao. Tunasema pua imeziba, na kilichoiziba ni nyama yake yenyewe iliyovimba. Hapa vilevile: usingizi ukilegeza misuli, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma, kuta za koo zikakutana. "Kubana" ningeliacha, maana kifua kubana tumekwisha kuwapa wenye pumu.

Tatizo hili huandamana sana na jingine ambalo jina lake ni gumu zaidi, sindromu ya umetaboli. Wengine huandika "mkusanyiko wa dalili", na hapo wanapotosha, kwa sababu dalili huhisiwa. Hizi ni kasoro za vipimo: kiuno kipana (kwa Waafrika hutumika sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke), presha kuanzia 130/85, sukari kabla ya kula kuanzia 5.6, mafuta mengi kwenye damu, na kolesteroli nzuri kuwa chache. Ukiwa na tatu kati ya hizo tano, unayo. Ningeiita kundi la kasoro za umetaboli. Gerald Reaven aliiita Sindromu X mwaka 1988. Miaka 10 baadaye Ian Wilcox na wenzake wakaongeza kusita kwa pumzi, wakaiita Sindromu Z. Herufi hizo hazimwambii mgonjwa kitu.

Na mgonjwa anastahili kuambiwa. Mafuta ya shingoni na kwenye ulimi huifinya njia ya hewa, na kitambi hukisukuma kiwambo juu. Kila pumzi inaposita, oksijeni hushuka, mwili humwaga adrenalini, presha hupanda usiku wa manane, na insulini hupungua nguvu. Mwaka 2010 watafiti wa São Paulo, Brazili, walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa 152 wenye kundi hili la kasoro: takriban asilimia 60 walikuwa na misito ya kiwango cha wastani au kikali. Ndiyo maana presha isiyoshuka kwa dawa tatu imtie daktari shaka, naye amuulize mke au mume: "Mwenzio akikoroma, huwa ananyamaza ghafla?" Swali hilo halihitaji mashine, na kwenye kliniki zetu za presha na sukari bado haliulizwi vya kutosha.

Tiba kuu ya kusita kwa pumzi ilibuniwa Sydney na Colin Sullivan, ikachapishwa mwaka 1981: barakoa ya puani na mashine inayosukuma hewa. Wengi huiita mashine ya oksijeni, nayo siyo. Inachukua hewa ileile ya chumbani na kuisukuma kwa shinikizo la kutosha kulizuia koo lisifunge. Tuiite mashine ya kufungua koo, na mgonjwa atajua kwa nini anatakiwa kuivaa usiku kucha.