Hisa na Subira

Msomaji, ukitoka Kitale kwenda Bungoma utapita kati ya mashamba ya mahindi, kisha utaanza kuona miwa. Mahindi ya Kitale hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa mwishoni mwa mwaka. Muwa wa Bungoma hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya kukatwa. Watu wa nchi hiyo wanajua kungoja. Kwa hiyo habari ya hisa haiwezi kuwa ngeni kwao, maana hisa nayo ni mali ya kungojewa.

Hisa ni sehemu ya kampuni. Kazi kubwa hushinda uwezo wa mtu mmoja, basi wengi huchanga mtaji, na kila mmoja hupata faida au hasara kwa kadiri ya mchango wake. Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni ya kufanya biashara na nchi za Mashariki, na hisa zake zikauzwa na kununuliwa mjini Amsterdam. Desturi hiyo ikaenea London, New York na kwingineko.

Katika Kenya biashara ya hisa ilianza katika miaka ya 1920, na Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954. Lakini Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kushiriki mpaka baada ya uhuru wa 1963. Fikiri maana yake. Mzungu mwenye shamba Kitale aliweza kununua hisa. Mtu aliyemlimia shamba hilo hakuweza. Aliyezuiwa hakunyimwa faida ya mwaka mmoja tu, bali alinyimwa miaka mingi, na katika hisa miaka ndiyo mbolea.

Miaka hiyo yaweza kuwa mirefu. Mwaka 1929 bei za hisa zilianguka vibaya mjini New York. Kwa kipimo cha Dow Jones, hazikurudi mahali pake mpaka 1954, miaka 25 baadaye. Mtu aliyelazimika kuuza katikati alipata hasara. Aliyekuwa na chakula na akiba nyingine aliweza kungoja.

Baada ya uhuru serikali ya Kenya iliwauzia wananchi sehemu ya mali yake. Mwaka 1988 iliuza sehemu ya Benki ya Biashara ya Kenya. Mwaka 2001 ikawa zamu ya kampuni ya sukari ya Mumias, jirani ya Bungoma, na mkulima aliyeuza miwa kiwandani aliweza sasa kuwa mwenye hisa pia. Mwaka 2008 ziliuzwa hisa za Safaricom, kila moja kwa shilingi 5.

Tazama mwisho wa hizi mbili za mwisho. Kabla ya mwaka kwisha, hisa ya Safaricom ilishuka chini ya shilingi 5, na wengi wakauza kwa hofu. Kampuni yenyewe iliendelea kupata faida na kuigawa, na mwaka 2021 bei ilipita shilingi 40, ingawa baadaye ilishuka tena. Mumias nayo ilipanda kwanza, kisha ikaelemewa na hasara na madeni. Mwaka 2019 ilikabidhiwa mrasimu kwa ajili ya madeni hayo, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Waliongoja huko walingoja bure.

Wahenga walisema subira huvuta heri, na hawakukosea. Lakini mkulima mwenye akili hangoji tu: hupalilia, hutazama majani, na akiona ugonjwa hafumbi macho. Nawe, kijana, siku utakapopata fedha ya kununua hisa, usiulize bei yake peke yake. Uliza kampuni inafanya kazi gani, inadaiwa kiasi gani, na nani anaiongoza. Ukiridhika, ngoja, lakini kungoja maji penye kisima kilichokauka si subira.