Wimbo wa umoja, mwaka mmoja baada ya Sun City

Najua nimepotea. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za testi na maabara, na mtu wa Kemia na Bayolojia akishaingia maabara ndiyo basi tena. Leo nina nafasi, ila sitaandika habari za foleni ya chakula kama mlivyozoea. Leo ni historia kidogo. Msikimbie!

Ilianza Jumamosi nikiwa nafua. Jamaa wa chumba cha jirani akafungulia muziki kwa sauti ya juu, gitaa linakwaruza kweli kweli. Nikamuuliza, hao ni nani? Akajibu, "Queen hao, One Vision. Si yule Freddie wetu wa Zanzibar!" Wimbo ni mtamu, na ujumbe wake ni binadamu wote kuwa kitu kimoja. Nikaupenda hapo hapo. Usiku nikaanza kuusoma habari zake, na hapo ndipo usingizi uliponikata.

Kwanza huyo Freddie. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi. Baba yake alikuwa karani wa fedha wa serikali ya Kiingereza. Mtoto akapelekwa shule ya bweni India, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970 wakaunda Queen na Brian May na Roger Taylor, halafu John Deacon akaingia 1971. Kwa hiyo ilipofika 1985 hawakuwa vijana tena. Ni bendi kongwe iliyochoka kidogo, na Freddie mwenyewe alikuwa ametoa albamu yake binafsi mwaka huo.

Lakini walikuwa na doa. Oktoba 1984 walikwenda kupiga Sun City. Kwa wasiojua, Sun City ni mahali pa starehe, hoteli na kamari, palipofunguliwa 1979 ndani ya Bophuthatswana. Na hiyo Bophuthatswana ilikuwa "nchi" iliyotungwa na makaburu mwaka 1977, Watswana wakavuliwa uraia wa Afrika Kusini na kuambiwa sasa mko huru. Serikali za dunia zilikataa kuitambua. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitisha mgomo wa kitamaduni, na chama cha wanamuziki Uingereza kilikuwa kimewakataza wanachama wake kwenda huko. Queen wakaenda hivyo hivyo. Sauti ya Freddie ikagoma, maonyesho mengine yakafutwa. Waliporudi kwao chama kikawapiga faini, na jina lao likaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Utetezi wao? Kwamba wao si watu wa siasa, wanampigia yeyote anayetaka kusikiliza.

Halafu ikaja Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, uwanja wa Wembley, kuchangia njaa ya Ethiopia. Queen walipewa kama dakika ishirini tu. Mpaka leo wengi wanasema hakuna aliyewafikia siku ile. Wakarudi na moto mpya! Septemba wakaingia studio mjini Munich, na tarehe 4 Novemba 1985 singo ya One Vision ikatoka. Wazo la maneno lilianzia kwa Roger Taylor, aliyeguswa na habari za Martin Luther King, ila wimbo ukaandikwa kwa majina ya wote wanne. Ukafika namba 7 Uingereza. Mwishoni kabisa wanatania na kutaja kuku wa kukaanga, hapo jirani yangu hucheka kila mara. Ndio wimbo uliofungua maonyesho ya ziara yao ya 1986, ziara ya mwisho ya Freddie.

Sasa nisikilizeni. Mnajua campus yetu hii ya Mazimbu ilikuwa nini mwaka 1985? Ilikuwa shule ya ANC, Solomon Mahlangu Freedom College, imepewa jina la kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Vijana waliokimbia Afrika Kusini walisoma hapa hapa tunaposoma. Wengine hawakurudi kwao. Makaburi yao yapo hapa, tunapita karibu nayo na madaftari kwapani kana kwamba si kitu.

Jumapili nikaenda makaburini peke yangu. Nikawaza, vijana hawa wangeusikia wimbo ule mwaka ule, wangesemaje? Mtu anaimba umoja wa binadamu, na mwaka mmoja nyuma alikuwa anawatumbuiza wenye tiketi katika nchi ya bandia. Na si mgeni, ni mtoto aliyezaliwa kwetu. Maana sisi kwenye sifa tunasema "Freddie wetu", ila kwenye Sun City anakuwa Mwingereza. Haiwezekani jamani. Ukimchukua mtu, mchukue mzima.

Jirani yangu anasema naonea, muziki ni muziki. Mimi nasema hapana. Kusema "sisi si watu wa siasa" mbele ya ubaguzi ni siasa tayari, tena ya upande wa mwenye nguvu.

Ila historia haikuishia hapo. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991 kwa UKIMWI. Tarehe 29 Novemba 2003, Brian May na Roger Taylor walisimama Cape Town kwenye tamasha la 46664, namba ya Mandela gerezani, kuchangia vita dhidi ya UKIMWI, na Mandela mwenyewe alikuwepo. Safari hii walikuja kwa mwaliko wa wenye nchi. Haifuti ya 1984, lakini inaonyesha kwamba mtu anaweza kurudi akaingia kwa mlango ulio sahihi.

Wimbo bado naupenda, sitawadanganya. Jana nimeusikiliza mara tatu. Nimeamua tu kwamba nikishakuwa mwalimu, mwanafunzi akiniambia "Freddie wetu", nitamsimulia yote, na Sun City ndani.

Nawasilisha. Kesho nina testi ya saa mbili asubuhi, niombeeni. Na ukipita makaburini, punguza mwendo kidogo.