Kupamba nyumba kwa stensili: siri ni rangi kidogo

KWA wasomaji waliosoma shule kabla mashine za fotokopi hazijaenea, neno stensili hukumbusha ile karatasi yenye nta iliyopigwa taipu, ikafungwa kwenye mashine ya kudurufu na kutoa mitihani yenye harufu ya wino. Herufi za taipu zilitoboa nta, na wino ukapita palipotobolewa tu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotumika kupamba kuta, foronya za mito na vyungu vya maua. Unakata umbo katika kitu chembamba kisichopitisha rangi, unakibandika pale unapotaka pambo, kisha unapaka rangi juu ya matundu.

Wengi wa wakazi wa mijini huishi ndani ya kuta za rangi moja, aghalabu krimu au nyeupe iliyochujuka, wakiamini kwamba pambo la ukutani ni kazi ya msanii au ya mwenye fedha za kununua karatasi maalumu za kubandika ukutani. Imani hiyo haina msingi. Mwenye stensili hahitaji kujua kuchora. Anahitaji subira, mkono mwepesi na rangi kidogo sana kuliko anavyodhani.

Ufundi wenyewe ni wa kale mno. Katika pango la Cueva de las Manos nchini Argentina, ambalo UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999, kuta zimejaa alama za viganja zilizopatikana kwa mtu kuweka mkono kwenye jiwe na kupuliziwa rangi kuuzunguka. Mkono ulikuwa ndio kigezo. Huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19, mafundi wa kuhamahama kama Moses Eaton wa New Hampshire walipamba kuta za nyumba za wakulima kwa stensili, kwa kuwa karatasi za ukutani zilikuwa ghali. Kwa maneno mengine, tangu zamani hii imekuwa njia ya mtu asiye na fedha nyingi kupata nyumba yenye sura.

Hata hapa kwetu stensili haikuwa ngeni. Magunia ya kahawa na masanduku ya chai yanayosafirishwa nje yamepigwa chapa kwa njia hiyo kwa miaka mingi. Atakayeyatazama kwa makini ataona kwamba herufi O haikufungika. Imekatwa juu na chini kama mabano mawili yanayotazamana. Mtu anaweza kudhani ni mtindo tu, kumbe ni lazima. Ukikata O kamili kwenye karatasi, kiini chake kinadondoka na unabaki na tundu la mviringo. Vipande vidogo vinavyoachwa ili kushikilia kiini hicho tuviite vidaraja, na ndivyo vinavyomshinda mtu anayeanza. Wajapani, ambao walikata stensili nyembamba ajabu za kutia nakshi vitambaa, walifikia hatua ya kushikilia vipande hivyo kwa nyuzi za hariri. Sisi tutosheke na vidaraja vyenye upana wa milimita tatu au nne, kwa maana vikiwa vyembamba zaidi hukatika siku ya pili ya kazi.

Basi tuanze na kigezo. Karatasi ya manila inafaa kwa pambo litakalorudiwa mara chache, lakini hulowa na kulegea upesi. Inaweza kuongezewa maisha kwa kubandikwa selotepu pana pande zote mbili kabla ya kukatwa. Jalada la plastiki la faili, linalopatikana katika kila duka la steshenari, ni bora zaidi kwa sababu linaoshwa na kutumika tena. Wapo pia wanaotumia filamu za zamani za eksirei, ambazo ni imara na hukatika vizuri. Mwenye nazo azikate kwanza pembe yenye jina la mgonjwa na kuitupa, maana taarifa za afya ya mtu si za kupambia sebule.

Chora umbo kwenye karatasi ya kawaida, au lipeleke dukani likakuzwe kwa fotokopi mpaka lifikie ukubwa unaoutaka. Bandika nakala hiyo juu ya plastiki, weka kipande cha kioo au ubao mgumu chini yake, kisha kata kwa kisu chembamba chenye wembe mpya. Anza na matundu madogo ya katikati na kumalizia makubwa ya pembeni. Ukianza na makubwa, plastiki inalegea na madogo yatakusumbua. Penye mviringo, zungusha plastiki na si kisu. Jaribio la kwanza lifanyike kwenye gazeti kuukuu.

Kuhusu umbo gani likatwe, maduka na mitandao ya intaneti imejaa maua ya waridi na vipepeo vya kigeni, na hakuna ubaya. Lakini mkazi wa Afrika Mashariki anayehangaika kutafuta nakshi ameikalia. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, na pindo hilo tayari limepangwa kwa vipande vinavyojirudia. Ile nakshi ya korosho, ambayo kila mama wa pwani anaitambua, ina mistari minene na maumbo yaliyotengana, kwa hiyo inageuka stensili kwa urahisi. Milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar ina minyororo kwenye fremu, samaki, na maua ya duara. Nyumba za zamani za Lamu zina vidaka vya lipu vilivyonakshiwa ukutani. Chukua sehemu moja tu ya nakshi hizo na uirahisishe. Mlango mzima ukihamishiwa kwenye ukuta wa sebule ya mita tatu hutoka kama zulia lililotundikwa na mtu aliyekosa mahali pa kuliweka.

Pambo la ukutani linalofaa zaidi kwa anayeanza ni ukanda mmoja, ama chini kidogo ya dari ama kwenye usawa wa migongo ya viti. Ukuta mzima uliojaa maua huchosha macho, na kosa lolote la vipimo huonekana kutoka mlangoni.

Kabla ya kugusa brashi, kagua ukuta. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unyevu na chumvi hupanda kutoka chini na kuacha unga mweupe juu ya rangi. Hapo stensili haitadumu, na hata rangi ya kawaida haidumu. Ni heri kutengeneza chanzo cha unyevu kwanza, au kuweka pambo juu zaidi. Ukuta mkavu unafutwa vumbi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, unasuuzwa na kuachwa ukauke sawasawa. Jikoni, palipo na mafuta, rudia mara mbili.

Lipo jambo moja ambalo halipaswi kupitwa haraka, hasa na wenye watoto wadogo. Rangi za mafuta za zamani, na hasa za njano na nyekundu kali, mara nyingi zilitengenezwa kwa kemikali zenye madini ya risasi. Madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa katika rangi ni sehemu 90 tu kwa kila sehemu milioni moja. Kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani yenye rangi ya mafuta inayobambuka asiikwangue wala kuipiga msasa ikiwa kavu, kwa kuwa vumbi lake hutua sakafuni ambako mtoto hutambaa na kisha kutia vidole kinywani. Pale panapolazimu kusugua, ukuta ulowanishwe, watoto waondolewe chumbani, na uchafu wote uokotwe kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiwa. Kwa kazi yenyewe ya stensili, nunua rangi ya maji, na usome kopo kuona kama mtengenezaji ametamka kwamba haina risasi. Rangi ya maji ina faida nyingine pia: hukauka upesi, haina harufu kali, na brashi huoshwa bombani bila kuhitaji tina.

Sasa vipimo. Chukua ukuta wenye urefu wa sentimita 330 na pambo lenye upana wa sentimita 22. Ukiacha pengo la sentimita 3 kati ya pambo na pambo, kila moja linahitaji sentimita 25. Gawanya 330 kwa 25 upate 13 na kipande. Kile kipande ndicho adui, kwa sababu usipokishughulikia utamaliza ukuta kwa pambo lililokatwa kichwa. Tumia 13, ugawanye 330 kwa 13, upate kama sentimita 25.4. Maana yake pengo liongezwe kutoka sentimita 3 hadi 3.4, tofauti ambayo jicho haliioni. Weka alama zote kwa penseli kabla ya kupaka hata tone moja. Mstari wa kulala upimwe kwa pima maji na si kwa kufuata dari, maana dari za nyumba zetu nyingi hazikunyooka.

Ndipo tunafika kwenye upakaji, ambako kazi nyingi huharibikia. Mtu huchovya brashi, hupaka kama apakavyo mlango, na rangi huvujia chini ya kigezo. Akikibandua anakuta ua lenye ndevu. Dawa ni brashi karibu kavu. Tafuta brashi fupi yenye nywele ngumu, au kipande cha sponji ya godoro chenye ukubwa wa ngumi ya mtoto. Mimina rangi kidogo kwenye kisahani. Gusisha ncha tu, kisha igongegonge kwenye gazeti mpaka iache alama hafifu, kana kwamba imekwisha. Hapo ndipo iko tayari. Bandika kigezo kwa ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi, usioacha gundi, halafu gonga kwa mkono wima kuanzia kingo za tundu kuelekea katikati. Usivute brashi. Pigo la kwanza litaonekana limepauka. Liache dakika chache, rudia mara ya pili, na ya tatu ikibidi. Nusu lita ya rangi huweza kumaliza ukanda wa chumba na kubaki.

Bandua kigezo kwa kukivuta moja kwa moja kutoka ukutani, kifute mgongoni, kisha ruka pambo moja na upake la tatu, ndipo urudi kwenye la pili. Kwa njia hiyo hutalalia rangi mbichi. Wakati wa masika rangi hukauka polepole, basi ongeza muda badala ya kuwasha feni kali inayotikisa kigezo.

Vitambaa vina sheria zake chache. Foronya za mito na vile vitambaa vya kufunika makochi vifuliwe kwanza ili kuondoa wanga wa kiwandani, na vipigwe pasi. Pamba hupokea rangi vizuri kuliko poliesta, na kitambaa cha marekani ambacho hakijatiwa rangi ni rahisi na kinapendeza. Tumia rangi ya vitambaa, tia kadibodi ndani ya foronya ili rangi isipenye upande wa pili, na baada ya kukauka piga pasi ya moto upande wa nyuma ili rangi ishike. Muda wa pasi huandikwa kwenye chupa.

Vigoda, sinia za mbao na vyungu vya maua ni kazi ya alasiri moja. Mbao ipigwe msasa laini. Chungu cha udongo kipakwe rangi ya maji mara moja kwanza, kwa kuwa udongo hunywa. Usipambe kwa namna hii ndani ya bakuli au sahani ya kulia chakula.

Wapangaji watauliza kuhusu mwenye nyumba. Mikataba mingi humtaka mpangaji arudishe kuta zilivyokuwa, na ugomvi wa amana hutokana na mambo madogo kuliko haya. Omba ruhusa kwa maandishi. Usipoipata, pamba ubao mwembamba wa plaiwudi wa sentimita 60 kwa 90 na uutundike, au weka ukanda kwenye pazia. Vyote viwili vitapakiwa kwenye gari siku ya kuhama.

Baada ya kazi, osha kigezo kabla rangi haijakauka, kikaushe na kukihifadhi kikiwa kimelala kati ya magazeti mawili. Rangi iliyobaki itiwe kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, na jina lake na namba yake viandikwe juu ya chupa, kwa ajili ya siku ambayo mgongo wa kiti utakuwa umekwangua ua mojawapo.